Watu Wanane, Mkeka Mmoja

(Hotuba hii niliitoa Jumamosi asubuhi hapa Tanga, kwenye ukumbi mdogo wa Chumbageni, mbele ya makocha wa maisha, wateja wao, walimu na akina mama wa vikoba. Waliokosa wameomba niiweke yote. Nimeiandika kama nilivyoisema. Nimeondoa vicheko na zile dakika umeme ulipokatika.)

Assalamu alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu, habari za asubuhi.

Kabla sijaanza, hebu kila mtu atazame mbele yake. Mnaona nini? Mnaona visogo. Mmepanga viti kama darasani, kila mmoja anatazama kisogo cha mwenzake, na sura pekee mnayoiona ni yangu. Nimekuja kuzungumzia watu kutazamana, nanyi mmenipangia visogo! Haya, si neno. Tuvumiliane.

Kwa wasioijua kazi yetu, niseme kidogo. Kocha wa maisha si mganga, si shehe wala mchungaji, si daktari wa akili, na si shangazi yako wa kukwambia mume huyu umwache au usimwache. Ni mtu anayekuuliza maswali mpaka ujisikie unachokisema, halafu anakushika kwenye ahadi uliyoitoa kwa mdomo wako mwenyewe. Basi. Na wengi wetu kazi hii tumeifanya kwa namna moja tu: mtu mmoja, mlango umefungwa, saa moja, aingie mwingine.

Nami leo nasema waziwazi, anayetaka kununa anune. Kwa wateja wetu wengi wa hapa Tanga, njia hiyo ni ghali, ina upweke, na mara nyingi haina nguvu kama ya kuwaketisha watu wanane kwenye mkeka mmoja.

Nimejuaje? Sikusoma mahali. Nilifundishwa na wanawake watatu.

Wiki moja, Jumatatu, alikuja mama anayeuza bajia na kachori. Akaniambia, "Mwalimu, biashara yangu haifiki mwezi wa tatu." Jumatano akaja mwingine, wa mitumba. "Nikifungua biashara, mwezi wa tatu imekufa." Alhamisi akaja dada wa juisi ya ukwaju, mdogo kabisa, na kilio ni kile kile. Mwezi wa tatu. Usiku nikafungua daftari langu kuandika, nikarudi nyuma kurasa mbili, nikaona nimeandika sentensi moja mara tatu kwa mwandiko wangu mwenyewe. Na kila mmoja wa wale watatu alikuwa anaamini ana nuksi. Mmoja alishazunguka kwa waganga mpaka akauza cherehani.

Nikamwomba kila mmoja ruhusa kwa wakati wake. Nikawaita kwangu siku moja, nikatandika mkeka, nikaweka birika la kahawa na kashata. Dakika ishirini za mwanzo, jamani, kimya! Watu wanasifia kahawa tu. Mwisho yule wa bajia akajitoa mhanga, akasema maneno yake yale. Yule wa mitumba alikuwa ameinua kikombe, kikabaki hewani, hakijafika mdomoni. Akasema, "Kumbe na wewe?"

Kumbe na wewe. Maneno matatu. Mimi yule mama nilikuwa nimekaa naye miezi minne, nimemuuliza maswali ya kila aina, nimemlipisha, na maneno hayo matatu sikuweza kumpa. Ningempaje? Biashara yangu mimi haikufa mwezi wa tatu. Ningemwambia "usijali, uko na wenzio wengi," angeniitikia kwa adabu na moyoni asiamini. Aliyeweza kumwambia ni mwenye jeraha kama lake.

Yuko daktari wa akili wa Marekani, Irvin Yalom, aliyechunguza vikundi vya tiba kwa miaka mingi, akaorodhesha mambo 11 yanayomsaidia mtu akiwa ndani ya kikundi. Mojawapo ni hilo: mtu kugundua kwamba hayuko peke yake na shida yake. Yeye ameliandika kitaalamu. Sisi tunalo tayari kwa lugha yetu, tunalisema kila siku kisimani na msibani.

Lakini ngojeni, hadithi haijaisha. Wakaanza kuulizana wenyewe kwa wenyewe. Mtaji unakwenda wapi? Ikabainika hauliwi na jini. Unaliwa na shemeji. Unaliwa na mtoto wa kaka anayetaka nauli, na jirani anayechukua bajia kumi "nitaleta jioni". Na ukimnyima shemeji, utakaa naye vipi nyumba moja? Hapo mimi nilikuwa sina jibu. Nawaambia ukweli, sikuwa nalo. Vitabu vya ukocha nilivyosoma havina shemeji ndani yake.

Yule dada wa ukwaju, mdogo wao, ndiye aliyelitoa. Alikuwa ameanza jambo wiki ile ile: hela ya mtaji hailali kwake. Jioni anaipeleka kwa mama muuza unga wa jirani, anatunziwa, asubuhi anaichukua. "Shemeji akija," akasema, "nageuza pochi mbele ya macho yake." Akaigeuza kweli, pale pale mkekani. Zikadondoka pini mbili, risiti na pipi ya kifua. Yule wa bajia alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Na akaiga. Mwezi wa nne karai lake lilikuwa bado liko motoni.

Mnaona? Kocha ana kichwa kimoja. Mkeka una vichwa vinne, na vitatu kati ya hivyo vinaishi na shemeji.

Sasa tuje kwenye hela, maana najua makocha mmekuja na kalamu.

Tuchukulie unatoza shilingi 40,000 kwa saa. Niulize: nani hapa Tanga anaweza kutoa 40,000 kila wiki ili aulizwe maswali? Mwalimu wa msingi? Muuza samaki wa Deep Sea? Anayeweza ni yule ambaye, tusemezane ukweli, hata usipomsaidia mambo yake yatakwenda. Sasa chukua wanane, kila mmoja 10,000. Mteja amelipa robo. Wewe umepata 80,000 kwa saa moja na nusu. Kila mmoja anaondoka ameridhika.

Na msione aibu kuanza kwa sababu ya hela. Mwaka 1905 kule Boston, Marekani, daktari Joseph Pratt alikuwa na wagonjwa wa kifua kikuu wasiokuwa na uwezo wa kwenda kulazwa kwenye nyumba za wagonjwa za milimani. Dawa ya kuua ugonjwa huo ilikuwa haijapatikana. Tiba ilikuwa kupumzika, kula vizuri na hewa safi, basi. Asingeweza kumzungukia kila mmoja, akawakusanya mara moja kwa wiki. Kila mgonjwa alikuja na daftari lake, ameandika joto la mwili, amekula nini, amepumzika saa ngapi. Alianza ili aokoe muda na gharama. Halafu akaona jambo ambalo hakulipanga: wale watu wakawa wanasubiri siku ya kukutana. Wanatiana moyo. Anayeongezeka uzito anawapa nguvu waliokata tamaa. Kukutana kwenyewe kukawa sehemu ya tiba. Leo watu wakiandika historia ya tiba ya vikundi, huanza na darasa lile la wagonjwa maskini.

Basi hesabu ni tamu. Na utamu huo ndio utakaotuharibu. Maana kocha akishaonja wanane, anasema kwa nini wasiwe thelathini? Kwa nini nisikodi ukumbi?

Nani hapa ameshawahi kusaidia kuvuta ngalawa pwani? Sahare pale, maji yakiwa yamekupwa? Naona mikono. Mnajua basi. Mkiwa watatu, kila mmoja mishipa imemtoka shingoni. Mkiwa kumi na watano, wapo wanaovuta na wapo wanaoimba. Wimbo unapanda, "haya, pamoja", na mikono imeshika tu, haijavuta. Mimi nimewahi kuwa mmoja wa wale. Nilishika ubavu wa ngalawa kama naipapasa.

Mfaransa mmoja, Maximilien Ringelmann, mhandisi wa mambo ya kilimo, aliipima hali hii kwa kamba na kipimo, matokeo yakachapishwa mwaka 1913. Aligundua watu wakiongezeka kwenye kamba, kila mmoja anapunguza. Walipofika wanane, kila mtu alikuwa anatoa kama nusu tu ya nguvu anayotoa akivuta peke yake.

Nawaona mnanitazama. "Mwalimu, wewe si ndiye uliyesema wanane?" Ndiyo, nimesema. Ila kwenye kamba hakuna anayejua nani kavuta na nani kaimba. Watafiti waliokuja miongo mingi baadaye walionyesha kwamba watu wakijua mchango wa kila mmoja unaonekana peke yake, uvivu ule unapungua sana. Kwa hiyo kilicho muhimu ni je, kila mtu anaonekana? Wanane wakikaa duara, kila mmoja na zamu yake, wanaonekana. Thelathini ukumbini, mmoja na maikrofoni, ni kama hivi tulivyo sasa hivi. Hii ni hotuba, jamani. Msije mkadhani mmefanyiwa ukocha leo.

Nikupeni mfano wa kuonekana.

Yuko kijana wa bodaboda, alikuwa kwenye kikundi cha vijana saba tuliokuwa tunakutana Alhamisi usiku kijiweni Ngamiani. Alitaka kurudia mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Miaka minne alikuwa anajiandikisha, siku ya mtihani inafika, haonekani. Ahadi yake kwa kikundi ilikuwa ndogo: kusoma kurasa chache kila siku na kuja kusema idadi. Tulikuwa na karatasi moja ngumu ya boksi, imechorwa mistari kwa kalamu ya risasi, kila mtu na mstari wake.

Alhamisi moja akaja kainamisha kichwa. Mkubwa wa kikundi, fundi baiskeli, akamuuliza, "Kurasa ngapi?" Kimya. "Kurasa ngapi, mdogo wangu?" "Hakuna." Fundi hakumgombeza. Alimpa kalamu tu. "Andika sifuri." Kijana akachukua kalamu, akaandika sifuri yake mwenyewe, kwa mkono wake, mbele ya wenzake sita. Halafu tukaendelea na mtu mwingine.

Alhamisi iliyofuata alikuja na kurasa 31.

Baadaye aliniambia, ningemsema, angekasirika na asirudi. Ile sifuri ndiyo iliyomuuma. Na tena akasema, mtu mmoja akikudai unabadilisha njia. Watu sita wakikudai, na wote wanashinda barabarani, utapita wapi? Ukikwepa barabara ya 8 unakutana na mmoja barabara ya 12, anakupungia mkono na kuuliza, "Ngapi leo?"

Alipata daraja la nne. Sikuja hapa kuwauzia miujiza. Lakini mwaka ule alikaa kwenye kiti cha mtihani kuanzia siku ya kwanza mpaka ya mwisho, jambo ambalo miaka minne lilimshinda.

Na kocha anapata nini, mbali na 80,000?

Anapata kunyamaza. Ndugu zangu makocha, mnajua sisi tunavyopenda kusema! Kikundi changu cha kwanza rasmi nilihubiri saa nzima. Walinipigia makofi. Mmoja alilia. Wiki iliyofuata hakuna aliyefanya hata jambo moja, na mimi bado nilikuwa navimba kichwa kwa yale makofi. Ilinichukua miezi kujua kwamba kwenye duara kazi yangu ni kushika saa, kufunga mlango, kumgeukia asiyesema, na kumkatiza kwa upole anayesema sana. Swali moja zuri, halafu nimeze mate. Tena ukiwa kwenye kikundi unajifunza haraka, kwa sababu swali lako baya linawafanya watu wanane wapige miayo kwa pamoja. Mteja mmoja angekustahi.

Vijana wenye vyeti vya mafunzo ya siku mbili, nawapenda, lakini sikilizeni. Chama cha kimataifa cha makocha, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1995, daraja lake la chini kabisa linataka saa 100 za kazi halisi na wateja. Saa mia. Kaeni na watu kwanza, mabango yatafuata.

Na sisi wenyewe tuwe na mkeka wetu. Mimi na makocha wenzangu wanne tunakutana barazani mara moja kwa mwezi, kila mmoja anatoa kesi iliyomshinda, bila majina. Kabla ya hapo nilikuwa narudi nyumbani na shida za watu kichwani kama mchukuzi asiyeshusha mzigo.

Si kila mtu ni wa kikundi, nalo tulijue. Anayepigwa nyumbani, anayesema hataki tena kuishi, aliyezama kwenye huzuni halali wala hali, huyo usimweke mkekani akawe somo la watu. Huyo msindikize kwa daktari, pale hospitali ya Bombo au popote penye mtaalamu, na usimwachie njiani.

Sasa nimefika kwenye jambo ambalo nililala nalo jana bila usingizi. Siri.

Dar es Salaam mtu akitoka kwenye kikundi anapanda daladala anapotea. Tanga hakuna kupotea. Tanga muuza samaki wako ni wifi wa mwalimu wa mwanao. Basi ukiwakusanya watu wanane hapa mjini, umekusanya na mawifi wao, na mashoga wa mawifi wao.

Akina mama wa vikoba mnalielewa hili kuliko sisi makocha. Mfumo wenu wa kuweka na kukopeshana umetokana na ule ulioanzia Niger mwaka 1991, na kitu kimoja hamjakibadilisha: sanduku. Sanduku lina kufuli ngapi? Semeni! Tatu. Funguo anashika nani? Watu watatu tofauti. Hakuna anayefungua peke yake, hata mwenyekiti. Na mnafungua mbele ya wote. Kwa hela mnaweka kufuli tatu. Sisi makocha kwa siri za watu tunaweka nini? "Jamani, tusiseme nje, eeh?" Ndiyo kufuli letu hilo.

Mwaka wangu wa tatu nilikuwa na haraka. Watu walikuwa wanaomba nafasi, nikajaza kikundi bila kukaa na kila mmoja peke yake kwanza. Ilikuwa nusu saa tu kwa mtu, nikaona ni kupoteza muda. Mama mmoja, mtaa siutaji, mkutano wa pili akafunguka. Alisema mambo ya ndani ya nyumba yake, mambo ya mawifi, na jambo moja ambalo mumewe hakulijua. Alisema taratibu, anazungusha pindo la mtandio wake kidoleni, anafungua, anazungusha tena. Chumba kizima kilikuwa naye. Mimi nikajisifu moyoni: tazama kikundi kinavyofanya kazi.

Mmoja wa waliokuwamo alikuwa shoga wa wifi yake. Hawakujuana. Mimi sikuuliza.

Alisema Jumanne. Ijumaa baada ya sala lilishafika nyumbani.

Wapo walioniambia kosa ni la yule aliyepeleka maneno. Kweli, ana lake. Lakini aliyewakutanisha ni nani? Aliyelipwa kwa kulinda mlango ni nani? Kikundi kilikufa wiki ile ile, na haki yake kife.

Tangu hapo nafanya hivi. Nakaa na kila mtu peke yake kabla hajaingia, namuuliza anatoka mtaa gani, ana ukoo gani, na nani asingependa kumkuta chumbani. Sijali akiniona mmbea. Makubaliano tunayaandika na kila mtu anasaini: chako kitoe nje ukitaka, cha mwenzio kinabaki. Tunataja na adhabu, kama faini za vikoba. Akivunja, anatoka, hakuna kuombeana. Na mlango ukishafungwa mkutano wa kwanza, hakuna mgeni mpaka wiki kumi ziishe. Mji wetu tunausifu kwa "waja leo waondoka leo"; kikundi sitaki kiwe hivyo, mtu aje leo, asikilize ya watu, aondoke leo. Mwisho, nawaambia wazi kabla hawajasaini kwamba hakuna kocha anayeweza kuapa mdomo wa mtu wa nane hautafunguka. Kwa hiyo lile jambo zito kuliko yote, aje nalo kwangu peke yake. Mlango ule wa mtu mmoja sijaufunga.

Yule mama hakurudi kwangu. Nikikutana naye sokoni Mgandini ananiitikia salamu, ananunua nyanya zake, anaondoka. Wiki mbili zilizopita nilimfuata mpaka kwenye meza ya dagaa, nikamwambia nitasimama mbele ya watu Chumbageni, nataka kulisema kosa langu, na siwezi kulisema bila yeye kuwamo. Nikamwomba ruhusa. Akapanga dagaa zake kwenye mfuko kwanza, akafunga fundo. Akasema, "Sema. Ila usitaje mtaa."

Asanteni kwa kunisikiliza.